Duka limejaa piesi, lakini nani anazijua? Historia ya wauzaji wa piesi za gari katika Marekani

Katika Marekani kuna kampuni nne kubwa ambazo majina yao yanaonekana karibu kila mji kwenye maduka ya piesi za gari: AutoZone, O'Reilly, Advance Auto Parts na NAPA. AutoZone peke yake ina maduka zaidi ya 6,000 katika nchi ile, na O'Reilly nayo imepita hesabu hiyo. Rafu zimejaa, taa zinawaka hadi usiku. Lakini mafundi wa garaji na watu wenye magari ya zamani huko wana lalamiko moja ambalo limedumu miaka mingi: yule anayesimama nyuma ya kaunta hajui piesi tena. Anajua kusoma kompyuta tu.

Lalamiko hilo linawagusa pia watu wetu. Jamaa nyingi za Wakongomani ambazo zilikaa miaka katika kambi za Uganda, Tanzania, Burundi na Rwanda zimepokelewa Marekani kama wakimbizi. Katika miji mingi ya huko, mtu asiye na gari hafiki kazini, na gari la kwanza la mgeni huwa la zamani. Na wale waliobaki huku Kivu, Ituri na Tanganyika wananunua piesi za Hiace, za Land Cruiser na za pikipiki kila juma. Kwa hiyo inafaa kujua ujuzi huo ulitoka wapi, ulikuwa katika mikono ya nani, na umepotelea wapi.

Wakati gari lilikuwa la aina moja

Mwanzoni kazi ya kuuzisha piesi haikuwa ngumu. Kati ya mwaka 1908 na 1927, kiwanda cha Ford kilitengeneza magari zaidi ya milioni 15 ya aina moja, iliyoitwa Model T. Aliyejua Model T moja alizijua karibu zote. Mwaka 1909, katika mji wa Kansas City, kijana mmoja kwa jina George Pepperdine alianza na dola 5 tu. Alinunua stempu, akaandikia wenye magari barua, akawatumia piesi kwa posta. Biashara hiyo ikawa Western Auto, ambayo baadaye ilikuwa na maduka katika nchi nzima. Mwaka 1921, marafiki katika Philadelphia walifungua duka ambalo leo linajulikana kwa jina la Pep Boys.

Kisha viwanda vikaongezeka na aina za magari zikaongezeka. Piesi ya gari moja haikuingia tena katika gari lingine. Garaji ya kijijini haikuweza kuweka kila kitu katika stoo yake. Mwaka 1925, wafanyabiashara walikutana Detroit wakaunda muungano wa NAPA ili piesi ziwe na njia nzuri ya kutoka kwenye viwanda na kufika kwenye garaji. Mwaka 1928, Carlyle Fraser alinunua duka dogo la piesi katika Atlanta kwa dola 40,000. Kutoka hapo ilizaliwa Genuine Parts Company, ambayo ndiyo mwenye NAPA hadi leo. Mwaka 1932, Arthur Taubman alinunua maduka matatu katika jimbo la Virginia, mwanzo wa Advance. Na mwaka 1957, mzee Charles O'Reilly na mwana wake walifungua duka lao katika Springfield, Missouri, wakiwa na wafanyakazi 13.

Maduka hayo ya zamani yaliishi hasa kwa wateja wa garaji. Fundi alipiga simu, akataja gari, akasema anataka nini, na piesi ililetwa kwake na kijana wa duka. Fundi hakuwa na wakati wa kupoteza. Kama duka lilileta piesi isiyofaa mara tatu, fundi alihamia duka lingine. Ndiyo maana duka lililazimika kuwa na mtu anayejua.

Mtu wa kaunta

Juu ya kaunta kulikuwa na mstari mrefu wa vitabu vinene, kila kiwanda na kitabu chake. Kurasa zilibadilishwa kila mara: ya zamani inatolewa, mpya inaingizwa. Kulikuwa pia na vitabu vya kulinganisha, vinavyoonyesha kwamba piesi ya gari fulani inaingia pia katika gari lingine lenye jina tofauti. Kitabu cha namna hiyo kilicho maarufu zaidi, cha Hollander, kilianza mwaka 1934 na kilisaidia sana wale wanaouzisha piesi zilizotumika.

Kijana hakuanza kazi kwa kusimama kwenye kaunta. Alianza kwa kufagia, kufungua maboksi, kupanga rafu na kupeleka piesi kwenye garaji. Kwa njia hiyo alishika kila piesi kwa mkono wake kabla ya kuiuzisha. Alipofika garaji, aliona piesi ile inaingia wapi na kwa nini ile nyingine ilirudishwa. Baada ya miaka, alipewa simu. Baada ya miaka zaidi, wateja walianza kumuuliza yeye kwa jina.

Mtu wa namna hiyo alijua mambo ambayo kitabu hakisemi vizuri. Alijua kwamba kiwanda fulani kilibadilisha freni katikati ya mwaka, na kwa hiyo magari mawili ya mwaka mmoja yanahitaji plakete tofauti. Alijua kwamba anayebadilisha pampu ya maji afadhali abadilishe na mkanda wake, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile. Alijua piesi gani ya bei ya chini inadumu na ipi itarudi baada ya mwezi.

Zaidi ya yote, alijua kuuliza. Mteja anakuja anasema: "Nataka batri, gari haliwaki asubuhi." Muuzaji asiyejua anauzisha batri, na mteja anaenda na furaha. Baada ya siku chache batri mpya nayo imekufa. Muuzaji anayejua anauliza kwanza: taa ya batri inawaka wakati injini inatembea? Mkanda unalia? Batri ya sasa ina miaka mingapi? Pengine batri haina kosa, ila alternateri haiichaji. Maulizo matatu yanaokoa makuta ya juma nzima. Waswahili wanasema kuuliza si ujinga. Kwenye kaunta ya piesi, kuuliza ndiyo kazi yenyewe.

Hata hivyo, haifai kusifu zamani kupita kiasi. Kaunta ile ilikuwa ya mafundi na marafiki wa mafundi. Mtu asiyejua jina la piesi, mwanamke aliyekuja peke yake, au mgeni mwenye lugha nyingine, mara nyingi alichekwa au aliachwa asubiri. Bei haikuandikwa mahali anapoweza kuiona. Na ujuzi wote ulikuwa katika kichwa cha mtu mmoja au wawili: siku mzee anaugua, duka zima linakuwa na upofu.

Muuzaji wa vyakula anaingia

Mabadiliko makubwa yalikuja kutoka biashara ya vyakula. Katika mji wa Memphis kulikuwa na kampuni iitwayo Malone & Hyde, iliyouzisha vyakula kwa jumla. Kiongozi wake, J. R. Hyde, aliona kwamba duka la piesi linaweza kupangwa kama duka la vyakula: safi, lenye taa, bei zimeandikwa, na mteja anachukua mwenyewe kwenye rafu. Tarehe 4 Julai 1979 duka la kwanza lilifunguliwa katika Forrest City, jimbo la Arkansas, kwa jina la Auto Shack. Mwaka 1987 jina likabadilishwa kuwa AutoZone.

Mwaka huohuo wa 1987 kampuni ilileta katalogi ya kompyuta. Muuzaji aliandika mwaka, kiwanda, aina ya gari na ukubwa wa injini. Kompyuta ikamwonyesha namba ya piesi na kama iko dukani. Vitabu vinene vikaanza kuondoka juu ya kaunta.

Kwa mtu wa kawaida hiyo ilikuwa habari njema. Mama anayetaka filtri ya mafuta hakuhitaji tena kumfahamu mtu yeyote. Maduka yalifunguliwa jioni na siku za mwisho wa juma, wakati mfanyakazi ana nafasi ya kutengeneza gari lake. Baadaye waliazimisha hata vifaa vya kazi: mteja anaweka dhamana, anafanya kazi nyumbani, anarudisha kifaa na anapewa feza yake.

Lakini kompyuta ilibadilisha kitu kingine ambacho hakikuonekana siku ile. Kama jibu liko katika mashini, hakuna haja ya kungoja miaka kumi ili mtu akomae. Kijana anaweza kuwekwa kwenye kaunta baada ya majuma machache. Na kama anaweza kuwekwa upesi, anaweza pia kulipwa kama muuzaji yeyote wa duka, na akiondoka anaingizwa mwingine. Chombo kilichokuja kumsaidia mwenye ujuzi kikawa sababu ya kutomhitaji.

Kwa nini ujuzi ulipungua

Sababu ya kwanza ni magari yenyewe. Tangu magari ya mwaka 1996, sheria ya Marekani inataka kila gari dogo linalouzishwa huko liwe na mfumo mmoja wa kompyuta unaoandika makosa ya injini. Taa ya injini inawaka, mtu anaunganisha kifaa, anasoma kodi. Maduka mengi ya kampuni hizo yanasoma kodi bure. Ni msaada, lakini unadanganya pia. Kodi inasema dalili, haisemi ugonjwa. Kwa mfano, kodi P0171 inasema kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Sababu inaweza kuwa mpira uliopasuka unaoingiza hewa, pampu ya petroli iliyochoka, au kifaa cha kupima hewa kilichochafuka. Muuzaji asiyejua anasoma kodi na kuuzisha kifaa cha kwanza anachoonyeshwa. Taa inazimwa, kisha inawaka tena baada ya siku tatu, na kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa mara nyingi hakirudishwi.

Sababu ya pili ni mshahara. Mtu aliyejifunza piesi vizuri anaona kwamba garaji kubwa, kampuni ya malori au duka rasmi la kiwanda linamlipa zaidi. Anaondoka. Anayebaki ni mgeni, na mgeni hana mzee wa kumfundisha, kwa sababu mzee ndiye yule aliyeondoka.

Sababu ya tatu ni ununuzi wa kampuni. Mwaka 2008 O'Reilly ilinunua CSK Auto, yenye maduka zaidi ya 1,300 katika majimbo ya magharibi. Mwaka 2014 Advance ilimaliza kununua General Parts, mwenye jina la Carquest, kwa dola karibu bilioni 2. Na mnamo Novemba 2024, Advance hiyohiyo ilitangaza kufunga maduka yake zaidi ya 500, pamoja na kuachana na maduka mengine karibu 200 ya watu binafsi. Duka likifungwa, piesi zinahamishwa kwenye duka lingine. Yule aliyekaa miaka ishirini kwenye kaunta yake hahamishwi kwa lori. Anarudi nyumbani, na anachojua kinarudi naye.

Sababu ya nne ni intaneti. Tangu mwaka 1999 kuna kampuni kama RockAuto ambayo mteja anachagua mwenyewe kwenye skrini, na bei mara nyingi iko chini. Duka likipoteza wateja wanaojua wanachotaka, linabaki na wale wasiojua, wakati ambao wasaidizi wake nao hawajui.

Kuna upande mwingine pia. Katika Marekani, shirika la ASE, lililoundwa mwaka 1972 kwa ajili ya kupima mafundi, linatoa mtihani pia kwa wauzaji wa piesi. Kampuni kubwa zinatafuta tena wateja wa garaji, na fundi wa garaji hakubali kujibiwa na mtu anayebahatisha. Kwa hiyo katika maduka kadhaa bado yupo mzee mmoja, na mafundi wanajua saa zake za kazi. Magari ya Marekani nayo yanazeeka: wastani wa umri wao umepita miaka 12. Gari la zamani linahitaji mtu anayejua kuliko gari jipya.

Zaire iliona jambo hili kwa njia nyingine

Nchi yetu haikuwa na kampuni za namna hiyo, lakini iliwahi kuona kaunta zikipoteza ujuzi, tena kwa ghafla. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza hatua ambazo watu wanaziita Zairianisation. Maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni, Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengine, zilipewa Wazairwa. Wengi waliopewa walikuwa watu wenye ukaribu na utawala kuliko watu wa kazi hiyo.

Wapya walipokea funguo na stoo iliyojaa. Walichokosa ni kile ambacho hakikuandikwa katika karatasi ya kupokea mali: nani anauzisha piesi hii huko Ulaya, unamwandikia namna gani, unamlipa lini, ipi inatoka upesi na ipi inalala rafuni. Katika maduka mengi stoo iliuzishwa ikaisha, na nyingine haikuja. Mwaka 1976 serikali iligeuka na kuwaita wenye maduka wa zamani warudishiwe sehemu kubwa ya mali, lakini wengi hawakurudi.

Wenye maduka wa zamani nao wana sehemu ya lawama. Mara nyingi walimwachia mfanyakazi Mkongomani rafu na mzigo, lakini barua za kuagiza na hesabu walizishika wenyewe. Ujuzi uliofichwa na mmoja hauwezi kuokoa duka siku anapofukuzwa.

Huku mashariki ya Kongo leo

Katika Goma, Bukavu, Uvira, Beni na Bunia, muuzaji wa piesi hawezi kutegemea kompyuta ya Marekani hata kama angeipata. Magari mengi ya huku yamekwisha kutumika Japani na yamepitia bandari za Mombasa au Dar es Salaam. Usukani uko kuume ijapokuwa barabara zetu zinataka gari litembee upande wa kuume. Marekani, tangu magari ya mwaka 1981, kila gari lina namba ya herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya wakaaji wa Japani lina namba fupi: alama za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu. Katalogi nyingi za Marekani hazisomi namba hiyo. Ni lazima awepo mtu anayeisoma.

Mtu huyo yupo. Ni mzee wa duka dogo lenye ndoo za piesi zilizotumika, anayeomba kwanza kuona piesi ya zamani kabla ya kutaja bei. Ni fundi ambaye anajua kwamba piesi halisi za Toyota zina namba ya sehemu mbili, na kwamba tarakimu tano za kwanza zinaonyesha aina ya piesi: 04465 ni plakete za freni za mbele, 04466 ni za nyuma, na filtri nyingi za mafuta zinaanza na 90915. Boksi likisema plakete za mbele na namba ikianza na kitu kingine, anaanza kuuliza. Katika soko lenye piesi nyingi za bandia, ujuzi mdogo kama huo unaweza kuzuia ajali kwenye mteremko.

Vita vimewatawanya watu hao. Fundi aliyekimbia hakuchukua rafu, hakuchukua jeki wala mashini ya kulehemu. Alichukua kichwa na mikono. Katika kila mahali ambapo watu waliohamishwa wanakusanyika, kuna mtu wa kwado anayeziba mipira chini ya mti, na mwingine anayesikiliza injini ya pikipiki na kusema inaumwa wapi. Hao ndio kaunta za zamani za Marekani, bila vitabu na bila paa.

Hatari yao ni tofauti. Marekani ilipoteza ujuzi kwa kuuweka wote katika mashini na kuacha kumfundisha mtu. Huku kuna watu wanaojua, lakini hakuna kilichoandikwa, na akifa mmoja njiani hakuna aliyepokea. Mali bila daftari huisha bila habari, na ujuzi pia ni mali. Daftari la shule la franga chache linatosha: namba ya gari iliyo chini ya boneti, namba ya piesi iliyotolewa, jina la gari lingine ambamo iliingia, tarehe, na kama ilidumu. Kijana aliyekimbia shule bila kumaliza anaweza kuandika hayo huku mzee akifungua injini. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na kitabu ambacho hakuna duka la Marekani linacho, na ikiwa itabidi wahame tena, kitaingia katika mfuko wa nguo.